Kiranja Mkuu na Kijana Aliyefukuzwa

Mwaka jana nililipwa kuandika insha kuhusu Voldemort. Mteja alikuwa mwanafunzi wa ng'ambo ambaye jina lake sikuwahi kulijua. Nilijua nambari ya kazi, idadi ya maneno na muda wa mwisho, ambao kwetu ulikuwa saa kumi usiku. Swali lilitaka maelezo ya maisha na kuanguka kwa Bwana wa Giza mmoja katika riwaya za fantasia, yeyote yule. Nikamchagua Voldemort kwa sababu vile vitabu saba vya J. K. Rowling navijua kuliko ninavyoijua Biblia, mama anisamehe. Nikaandika kile nilichojua mwalimu wa upande ule angependa kusoma: kwamba aliogopa kifo, alikuwa na kiburi, hakujua upendo. Nikatuma. Siku tatu baadaye nikaambiwa mteja ameridhika.

Insha ile haikuwa ya uongo. Shida ni kwamba haikuwa yangu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo imenishinda, na tangu hapo nakula na kulipa kodi ya nyumba kwa kuandikia watu kazi zitakazowapa vyeti ambavyo mimi sina. Kwa hivyo nairudia hapa, mara hii kwa jina langu, na nitamweka ndani mtu ambaye kule sikumtaja hata mara moja. Anaitwa Hagrid.

Lakini kwanza Tom, kwa maana Voldemort ni jina alilojibandika mwenyewe.

Tom Marvolo Riddle alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1926, katika kituo cha mayatima. Mamake, Merope Gaunt, alifika mlangoni akiwa karibu kujifungua, akazaa, akasema mtoto aitwe nani, akafa. Babake alikuwa mtoto wa tajiri wa kijijini, asiye na uchawi wowote, ambaye Merope alimpata kwa limbwata. Siku alipoacha kumnywesha dawa, bwana alizinduka akaenda zake. Mtoto akabaki na jina la mtu aliyemkimbia.

Dumbledore anapokuja kumtembelea, Tom ana miaka 11. Kabatini ana sanduku la vitu vidogo alivyowaibia watoto wenzake. Hana rafiki na hatafuti. Jina lake halipendi, kwa sababu akina Tom ni wengi mno duniani. Anaambiwa kuna mfuko wa shule wa kuwanunulia vitabu na sare wasiojiweza, anachukua zile pesa na haseni asante. Nilikisoma kisa hicho mara ya kwanza nikiwa shule ya upili, mwanafunzi wa basari. Najua vile mtu hupokea pesa za basari. Mdomo unashukuru, lakini kuna sauti ndani inayosema ngojeni tu, siku moja mtanijua. Tom hakushukuru hata kwa mdomo. Nilimpenda kidogo kwa hilo, na mpaka leo sijui kama nilikosea.

Hogwarts akawa yule kijana ambaye kila mwalimu mkuu humwonyesha wageni: mtanashati, mpole, wa kwanza darasani, kiranja, na baadaye kiranja mkuu. Mwaka 1943 akakifungua chumba cha siri kilichoko chini ya shule na kumwachilia nyoka anayeua kwa macho. Msichana mmoja, Myrtle, akafa chooni. Shule ikawa karibu kufungwa.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Shule ikifungwa, Tom anarudishwa kwenye kituo cha mayatima. Alikuwa ameshaomba kubaki shuleni wakati wa likizo na akanyimwa ruhusa. Sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Kila mmoja wetu amesoma na mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, au ndiye alikuwa mtoto mwenyewe: jina linasomwa mbele ya wote, unachukua sanduku, unatembea hadi langoni ukijifanya unaangalia viatu vyako. Tom hakutaka kutembea mwendo ule. Akatafuta wa kuutembea kwa niaba yake.

Akampata Hagrid, kijana wa mwaka wa tatu, mkubwa kupita kiasi, nusu jitu, ambaye alikuwa akifuga buibui mahali pa siri ndani ya shule. Buibui yule hakuwa ameua mtu. Lakini pima ushahidi kwa jicho la mwalimu mkuu: upande huu yatima maskini mwenye akili nyingi na shati safi, upande ule jitu linalovunja viti na kufuga vidudu. Ni kesi ya dakika tano. Hagrid akafukuzwa na fimbo yake ya uchawi ikavunjwa vipande. Tom akapewa tuzo ya huduma maalum kwa shule. Miaka hamsini baadaye tuzo hiyo bado iko kabatini, na Ron Weasley anaipangusa kama adhabu huku akiitapikia konokono. Nadhani hayo ndiyo maoni ya Rowling kuhusu tuzo za shule.

Watu hupenda kulinganisha Tom na Harry, na kitabu chenyewe kinatusukuma huko: wote mayatima, wote wanazungumza na nyoka. Lakini mtu anayefanana na Tom kuliko wote ni yule aliyemfukuzisha. Mama yake Hagrid, jitu, aliondoka mtoto akiwa mdogo sana. Babake alikufa Hagrid akiwa mwaka wa pili. Kwa hivyo mwaka 1943 shule moja ilikuwa na vijana wawili wasio na mtu nyumbani, wote wa damu mchanganyiko, wote wanaficha mnyama. Mmoja alimficha mnyama wake kwa kuwa alimpenda. Mwingine alimficha wake kwa kuwa alitaka kumtumia. Shule ikawaangalia wote wawili na ikachagua kwa makosa.

Hilo ndilo ninaloliona mimi katika maisha ya Bwana huyu wa Giza. Kifo alikiogopa, sawa, lakini kifo tunakiogopa sote. Tom alijifunza Hogwarts, mbele ya walimu wake, kwamba watu ni wa aina mbili, wa maana na wa kutupwa, na kwamba ukijipanga vizuri ukawa upande wa kwanza hakuna atakayekuuliza ulifikaje. Somo hilo alilipasi kwa alama za juu. Na mwishowe ndilo lililomwangusha.

Angalia alichofanya alipomaliza shule. Aliomba kazi ya ualimu papo hapo Hogwarts. Akaambiwa bado ni mdogo, arudi baadaye. Akaenda kufanya kazi katika duka la vitu vya uchawi, Borgin and Burkes. Huko akamuua bibi mmoja tajiri ili apate kikombe na kidani vyake, na lawama akaitupia mtumishi wa bibi huyo, mzee asiye na wa kumtetea. Ni mbinu ileile ya 1943. Miaka mingi baadaye akarudi Hogwarts kuomba kazi tena, na Dumbledore akamnyima. Tangu siku hiyo hakuna mwalimu wa somo lile aliyedumu zaidi ya mwaka mmoja.

Sasa linganisha na mwenzake. Hagrid, asiye na cheti wala fimbo, alipewa kibanda pembeni mwa msitu na kazi ya kutunza wanyama kwa sababu Dumbledore alimtetea. Mwaka 1993 ukweli wa chumba cha siri ukajulikana, jina lake likasafishwa, na mwezi wa Septemba akasimama mbele ya darasa kama mwalimu. Kazi ambayo kiranja mkuu aliiomba mara mbili akanyimwa ilienda kwa kijana aliyefukuzwa. Rowling halipigii tarumbeta. Nimesoma vitabu hivyo miaka mingi na hili niliona juzi tu, nikiwa sina kadi ya mwanafunzi.

Basi tuje kwenye siri yake kubwa. Tom aliipasua roho yake kwa kuua watu, na kila kipande akakificha ndani ya kitu: daftari, pete, kidani, kikombe, taji, na baadaye nyoka wake Nagini. Vitu hivyo Rowling ameviita Horcrux. Mimi nitaviita makasha ya roho. Maadamu kasha moja lipo salama, mwenyewe hafi.

Msomaji wa Kiswahili akifika hapo lazima amkumbuke Fumo Liyongo. Mshale na mkuki havikumuua Liyongo. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Utenzi alioandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unasimulia vile maadui zake wa Pate walivyomrubuni mwanawe, na mwana akaenda kumwuliza babake nini kinachoweza kumuua. Baba akamwambia. Alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai.

Liyongo alikufa kwa sababu alikuwa na mtu wa kumwambia siri yake. Ungedhani basi Voldemort, asiyemwambia mtu, angepona. Hakupona, na ukifuatilia makasha yake moja baada ya lingine utaona ni kwa nini. Daftari alimwachia Lucius Malfoy bila kumweleza ni kitu gani. Lucius akalitumia katika hila zake ndogo za siasa, likafika mikononi mwa watoto, likaharibiwa. Ukimpa mtu roho yako akuwekee na usimwambie kwamba ni roho, ataichezea kama daftari. Taji aliliweka katika chumba kilichojaa maelfu ya vitu vilivyofichwa humo na wanafunzi wa karne nyingi, na bado akaamini ni yeye peke yake aliyewahi kukigundua chumba hicho. Hebu fikiria: umesimama katikati ya mizigo ya watu wengine, na bado hao watu huwaoni.

Kidani ndicho kisa kikubwa zaidi. Ili kuujaribu ulinzi wake, aliazima mtumwa wa nyumbani aitwaye Kreacher kutoka kwa kijana mfuasi wake, Regulus Black. Akamnywesha sumu, akamwacha kisiwani pangoni afe. Lakini Regulus alikuwa amemwagiza Kreacher arudi nyumbani kazi ikiisha, na watumwa wa aina yake wana uchawi wao, ambao kuta za wachawi wakubwa haziuzuii. Kreacher akarudi, akasema. Voldemort alisoma kila kitabu cha giza kilichoandikwa, lakini hakuwahi kujiuliza mtumwa anajua nini.

Ndiyo maana usiku wa kuanguka kwake, Mei 1998, unasomeka kama orodha ya watu aliowadharau wakija mmoja mmoja kudai chao. Msituni anampiga Harry kwa laana ya kifo, na kumbe anachoua ni kipande cha roho yake mwenyewe kilichokwama ndani ya kijana huyo. Anamtuma Narcissa Malfoy akahakikishe kama amekufa. Narcissa anataka kujua jambo moja tu, kama mwanawe yu hai ndani ya shule, na akishajibiwa anamdanganya bwana wake mchana kweupe. Neville, mvulana mnyonge wa kitabu cha kwanza, anamkata Nagini kichwa.

Kabla ya hapo kuna Hagrid. Alikuwa mateka, amefungwa kwenye mti, akilia. Voldemort anataka mwili wa Harry ubebwe hadi shuleni watu wauone, na anamwamuru Hagrid aubebe kwa sababu mikononi mwa jitu utaonekana vizuri. Kwake Hagrid ni punda wa mizigo. Lakini Hagrid ndiye aliyempokea Harry mchanga kutoka kwenye kifusi cha nyumba yao mwaka 1981, siku Voldemort alipoanguka mara ya kwanza. Kwa hivyo mtu aliyetupwa mwaka 1943 alimbeba mara mbili yule atakayemmaliza Tom, na mara ya pili alifanya hivyo kwa amri ya Tom mwenyewe.

Mwisho wanasimama wawili katikati ya ukumbi, na Harry anamwita Riddle, jina la babake. Anampa nafasi pia. Roho iliyopasuka inaweza kuunganishwa kwa kujuta tu, na Harry anamsihi ajaribu kujuta. Sijui Bwana wa Giza mwingine ambaye amepewa nafasi hiyo na adui yake kwa maneno wazi namna ile. Tom anashangaa kuliko alivyoshangaa kwa lolote usiku ule, kisha anakataa. Laana yake inamrudia. Ana miaka 71. Wanauweka mwili wake katika chumba cha pembeni, mbali na waliokufa wakipigana naye, na ni mwili tu, wa Tom fulani.

Sasa malalamiko yangu, maana insha ya mteja haikuwa na nafasi ya kulalamika.

La kwanza, ushindi wenyewe unategemea hoja ya umiliki. Fimbo kuu aliyoshika Voldemort kumbe si yake, kwa sababu Draco alimnyang'anya Dumbledore fimbo, na Harry akamnyang'anya Draco, kwa hivyo kisheria ni ya Harry. Jamani. Baada ya kurasa maelfu za damu na machozi, tunafika mwisho tunakuta kesi ya hatimiliki ya shamba. Wasomaji wa hapa tunazijua kesi hizo, na tunajua haziishi haraka namna ile.

La pili ni zito zaidi. Kitabu kinahubiri kwamba uchaguzi wetu ndio unaotufanya tuwe tulivyo. Lakini kikimfikia Tom kinaanza kusita. Tunaambiwa alikuwa kichanga asiyelia, tunaonyeshwa ukoo wa mamake uliooza kwa kuoana wenyewe kwa wenyewe, tunakumbushwa limbwata. Kana kwamba mtoto aliharibika kabla hajafungua macho. Mimi hapo nakataa. Ukisema alizaliwa hivyo, unamwachilia mwalimu mkuu aliyempa tuzo, na unaziachilia shule zote zinazoangalia shati kabla ya kuangalia mtu. Dumbledore mwenyewe alimshuku tangu mwanzo, akaendelea kumtazama tu, na Hagrid akafukuzwa hata hivyo.

Sitaki pia kumfanya Hagrid mtakatifu kwa sababu tu yeye na mimi tuliishia mwaka wa tatu. Kinywa chake hakina mlango. Katika kitabu cha kwanza anampa mgeni wa baani siri ya kumpita mbwa mlinzi, usiku aliojishindia yai la joka, na kwa kosa hilo Voldemort anakaribia kulipata jiwe la uzima miaka mingi kabla ya wakati. Kama Liyongo, Hagrid anaweza kuangamia kwa kusema. Lakini ni mtu ambaye ukimwendea usiku atakufungulia mlango, na watoto watatu walimwendea sana.

La tatu ndilo linaloniuma. Hagrid hubeba mwavuli wa waridi ambamo inaonekana alificha vipande vya fimbo yake, na kwa mwavuli huo hufanya uchawi mdogo mdogo, kwa kujificha, akiomba watu wasiseme. Nikisoma hapo huwa nafikiria kazi zangu za saa kumi usiku. Sasa, jina lake lilisafishwa 1993. Katika kurasa zote zinazofuata hatuonyeshwi hata siku moja akipewa fimbo nyingine, wala akiulizwa kama angependa kumalizia masomo. Kitabu chenye huruma nyingi kwa waliotupwa kinampa kazi, kinampa heshima, kisha kinasahau kile hasa alichonyang'anywa.

Sura ya mwisho inatupeleka stesheni miaka 19 baadaye, wazazi wakiwapandisha watoto wao garimoshi. Ni nzuri, sikatai. Lakini mimi ningependa sura nyingine: mzee wa karibu miaka sabini anainama kuingia duka la Ollivander, anapimwa mkono, anatoka na fimbo mpya, kisha anaenda kuuliza ofisini kama mwaka wa tatu bado una nafasi.

Mamangu huniuliza kila Desemba kama nitarudi. Huwa namwambia tuone mwakani.